Moyo Ulipopoteza Mwendo: Tulivyochagua Njia ya Tiba

Ilikuwa saa nane usiku. Mume alizinduka akamkuta mke ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani. "Baba watoto," mke alisema kwa sauti ndogo, "moyo wangu hauendi sawa." Mume akamshika kiwiko cha mkono, akatafuta mshipa. Mapigo yalikuja mawili ya haraka, yakanyamaza, yakaja matatu, moja likawa hafifu, kisha mengi yasiyohesabika. Tuliomba kwa maneno machache, tukamgongea jirani mwenye gari.

Mpenzi msomaji, tunaandika makala hii tukiwa wawili, mke na mume. Mmoja wetu ndiye mwenye moyo huo, na mwingine ndiye aliyekaa kando ya kitanda. Hatukuwa na elimu ya udaktari, na hata leo hatuna. Lakini katika miaka mitatu iliyofuata usiku ule tulilazimika kuchagua kati ya njia kadhaa za tiba, na tuligundua kwamba kuchagua kulituchosha karibu sawa na ugonjwa wenyewe. Tumeona vema tuwashirikishe akina mama wenzetu na familia zao yale tuliyojifunza, ili atakayefika njia panda hii asifike mikono mitupu.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Hospitalini walimpima mke kwa mashine ya ECG, ile inayoandika umeme wa moyo kwenye karatasi. Mapigo yalikuwa 148 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Daktari akatuonyesha mistari kwenye karatasi. Hapakuwa na nafasi mbili zinazolingana kati ya pigo na pigo. Akasema jina refu, atriali fibrilesheni, kisha akaliweka kando na kutueleza kwa lugha ya nyumbani.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika moyo wenye afya, cheche moja ya umeme huanzia chumba cha juu upande wa kulia, ikapita kama amri ya mwalimu wa kwaya, na vyumba vyote vikafuata kwa zamu. Katika ugonjwa huu cheche nyingi huzuka ovyo, hasa upande wa kushoto. Vyumba vya juu badala ya kukamua damu hutetemeka tu, na vile vya chini hupokea amri zinazogongana. Ndiyo maana mapigo huwa ya haraka na yasiyo na mpangilio. Mgonjwa huweza kusikia moyo ukiruka, akaishiwa pumzi, akachoka au akapata kizunguzungu. Wengine hawasikii kitu chochote.

Daktari akatuambia jambo ambalo hatukulitegemea. "Hatari kubwa ya ugonjwa huu," alisema, "haiko kwenye yale mapigo mnayoyasikia. Iko kwenye damu inayotulia." Chumba cha juu kikitetemeka bila kukamua, damu hukaa kwenye kijifuko chake kidogo cha pembeni na huweza kuganda. Bonge hilo likichomoka husafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mtu mwenye atriali fibrilesheni yumo katika hatari ya kiharusi mara tano hivi kuliko mwenzake asiye nayo.

Mke alikuwa na miaka 56, mwenye presha kwa muda mrefu na kisukari kilichogunduliwa baadaye. Presha na kisukari huongeza hatari hiyo. Kadhalika umri wa miaka 65 na kuendelea, moyo uliodhoofika, na kiharusi kilichowahi kumpata mtu. Walimpima pia tezi la shingo, kwa sababu tezi likifanya kazi kupita kiasi huweza kuvuruga moyo, na kulitibu kunaweza kuutuliza. La kwake lilikuwa salama. Kipimo cha ECHO kikaonyesha kwamba milango ya moyo wake nayo ilikuwa mizima.

Maamuzi mawili, si moja

Tulirudi nyumbani na bahasha ya vidonge na vichwa vilivyojaa maswali. Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kulikuwa na uamuzi mmoja tu: afanyiwe matibabu makubwa au asifanyiwe. Kumbe yako maamuzi mawili, na hayapaswi kuchanganywa.

La kwanza ni kuzuia kiharusi. La pili ni kutuliza moyo ili mtu aishi vizuri. Familia nyingi hushughulika na la pili kwa sababu ndilo linalosikika kifuani, wakasahau la kwanza kwa sababu halina sauti. Kwa mgonjwa kama mke, kidonge cha kuzuia damu kuganda ndicho nguzo ya nyumba, na mengine ni kuta na madirisha.

Dawa ya zamani ya kazi hiyo ni warfarini, ambayo imetumika kwa binadamu tangu miaka ya 1950. Ni nafuu na inafanya kazi, lakini inataka uangalizi. Damu hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR, na kwa wagonjwa wengi wa aina hii kipimo hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, damu inaweza kuganda. Kikiwa juu sana, mtu anaweza kuvuja damu. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Haina maana kwamba mgonjwa aache mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, asile sinia zima leo na kukaa mwezi bila jani. Dawa za maumivu kama diklofenaki, na dawa za miti shamba ambazo hakuna ajuaye kilichomo, zinaweza kuleta hatari ya kuvuja damu. Na aspirini haichukui nafasi ya dawa hizi, ingawa wapo wanaoitegemea.

Zipo pia dawa mpya zaidi, kama apiksabani na rivaroksabani, ambazo hazihitaji kupima INR kila mara. Bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya warfarini. Sisi tulianza na warfarini kwa sababu ya mfuko wetu, na hatukuona aibu.

Njia zilizokuwa mbele yetu

Katika uamuzi wa pili, daktari bingwa wa moyo alitupangia njia moja baada ya nyingine. Tuliziandika kwenye daftari la mtoto wa shule, na hapa tunazitoa kama tulivyozielewa.

Njia ya kwanza ni kuuacha moyo na mwendo wake usio sawa, lakini kuupunguza kasi kwa dawa. Moyo unaopiga mara 80 bila mpangilio haumchoshi mtu kama unaopiga mara 148. Tulishangaa kusikia kwamba hii si tiba ya maskini. Mwaka 2002 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliofuatilia wagonjwa 4,060. Waliopunguziwa kasi tu hawakufa zaidi ya wale waliolazimishiwa mwendo sawa kwa dawa. Hata hivyo, mwaka 2020 uchunguzi wa Ulaya wa wagonjwa 2,789 ulionyesha kwamba kuurudisha mwendo sawa mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu ugonjwa kugunduliwa, kulipunguza madhara kama kiharusi na vifo vya ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo mgonjwa mpya na mgonjwa wa miaka kumi hawashauriwi sawasawa.

Njia ya pili ni dawa za kurudisha na kulinda mwendo. Nyingine zinafaa tu moyo usio na kasoro nyingine. Amiodaroni ina nguvu, lakini inaweza kudhuru tezi la shingo, ini na mapafu, hivyo anayeitumia lazima apimwe mara kwa mara.

Njia ya tatu ni mshtuko wa umeme. Mgonjwa hulazwa usingizi mfupi, akapigwa umeme kifuani kwa kipimo maalum, na mara nyingi moyo hurudi kwenye mwendo wake papo hapo. Jambo lenyewe huchukua sekunde chache. Lakini mvurugiko ukiwa umedumu kwa zaidi ya siku moja au mbili, mgonjwa hutakiwa kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda angalau wiki 3 kabla, au achunguzwe kwanza kuhakikisha hakuna bonge ndani ya moyo, na aendelee na dawa angalau wiki 4 baadaye. Mshtuko huuweka moyo sawa leo, bali hauzuii mvurugiko kurudi kesho.

Njia ya nne ni tiba ya katheta, ambayo kwetu watu huiita upasuaji wa tundu dogo. Daktari hutoboa mshipa wa paja, akapitisha mirija myembamba hadi moyoni. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionyesha kwamba cheche nyingi zinazoanzisha mvurugiko hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Basi daktari huizungushia mishipa hiyo uzio wa makovu madogo, ama kwa joto ama kwa baridi kali, ili cheche zisivuke. Siku hizi ipo pia njia mpya ya kutumia mipigo mifupi sana ya umeme, ambayo iliruhusiwa nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2023.

Njia ya tano hutumika zaidi pale nyingine zinaposhindwa. Daktari hukata njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, na mgonjwa hupandikizwa betri ya moyo. Kasi hutulia kweli, lakini moyo utaitegemea betri hiyo maisha yote.

Yapo pia makovu yanayofanywa kwa kufungua kifua, ambayo mara nyingi huenda pamoja na upasuaji mwingine wa moyo. Njia hiyo haikutuhusu.

Ahadi na tahadhari za katheta

Mume alipoisikia njia ya nne, moyo wake uliikimbilia. "Hiyo ndiyo," alisema. "Iunguzwe, yaishe." Tulikuwa tumeweka akiba ya kuezeka nyumba, naye alikuwa tayari kuitoa yote.

Daktari hakumkatisha tamaa, lakini alimwekea mizani. Mwaka 2016 zilitangazwa habari za uchunguzi uliolinganisha tiba ya joto na ya baridi kwa wagonjwa 762 waliokuwa na mvurugiko unaokuja na kuondoka. Njia zote mbili zilikaribiana sana, na katika kila kundi kama theluthi moja ya wagonjwa walirudiwa na tatizo ndani ya mwaka mmoja. Wengine hulazimika kufanyiwa mara ya pili. Anayeuza shamba akidhani ananunua uponyaji wa hakika anapaswa kuujua ukweli huo kabla, si baada.

Akatutajia na hatari. Damu kuvuja au uvimbe kwenye paja ndiyo ya kawaida zaidi. Kwa wachache, kama mmoja kati ya mia, damu huvujia kwenye ngozi inayozunguka moyo na huhitaji kutolewa haraka. Kiharusi kinaweza kutokea, ingawa ni nadra. Nadra kuliko yote, lakini inayoua, ni tundu kati ya moyo na koo la chakula, ambalo huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo aliyefanyiwa tiba hii akipata homa, maumivu ya kumeza au dalili za kiharusi katika miezi miwili ya mwanzo, arudi hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba alifanyiwa katheta ya moyo.

Halafu likaja neno lililobadili mazungumzo yetu. Mwaka 2019 uchunguzi wa wagonjwa 2,204 ulilinganisha katheta na dawa. Kwa hesabu kuu ya vifo, kiharusi na madhara mengine makubwa, tofauti haikuthibitika. Lakini waliofanyiwa katheta walikuwa na nafuu zaidi katika maisha yao ya kila siku. Wenye moyo uliodhoofika ni jambo jingine, kwa maana kwao uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha faida hata katika kupunguza vifo.

"Kwa hiyo, kwa mgonjwa wetu huyu," daktari alisema, "kidonge cha kuzuia damu kuganda ndicho kinachomlinda maisha. Katheta ni kwa ajili ya kuishi vizuri. Swali ni moja: ugonjwa huu unamnyima nini?"

"Anasumbuka sana, daktari," mume akajibu.

Daktari akatabasamu. "Baba, nisamehe. Naomba mama ajibu mwenyewe."

Mama anajibu mwenyewe

Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba mpaka siku ile, tulikuwa tumezungumza kuhusu moyo wa mke kwa miezi saba bila mwenye moyo kuulizwa. Mume aliuliza, mume alijibu, mume alilipa. Alifanya hivyo kwa upendo. Lakini wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mke alikaa kimya kidogo, kisha akasema. Alikuwa ameacha kwaya, na nyumbani alidai amechoka na mazoezi, kumbe pumzi ilikuwa haifiki mwisho wa mstari. Alikuwa hapandi tena basi kwenda kumwona mama yake mzazi kijijini, akiogopa moyo kumwasha njiani mbali na hospitali. Usiku alihesabu mapigo yake badala ya kulala. Na alikuwa na jambo jingine: hakutaka nyumba ikose bati na mtoto aliyekuwa mwaka wa pili chuoni akose karo kwa ajili yake. "Mimi ni mtu mzima sasa," alisema. "Nimeona tuvumilie."

Mume hakuyajua hata moja katika hayo. Tulitoka pale tukakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, na hapo ndipo tulipoanza kuamua pamoja.

Dada zetu, akina mama wengi tumefundishwa kuvumilia hadi tunavumilia yasiyopasa. Uvumilivu ni tunda jema, lakini kumficha daktari na mwenzi wa ndoa dalili zako si uvumilivu. Daktari akupangie tiba kwa kigezo gani ikiwa amepewa nusu ya habari?

Tulivyoamua

Tulikubaliana kwenda hatua kwa hatua, maana haraka haraka haina baraka. Kwanza tulijaribu amiodaroni kwa miezi mitano. Hapo tulijifunza kwamba dawa hiyo huongeza nguvu ya warfarini. INR ya mke ilipanda hadi 4.6, fizi zikatoka damu, na warfarini ikapunguzwa mara moja. Laiti tungekuwa tumeruka siku ya kupima, sijui tungeandika nini leo. Mvurugiko ulipungua lakini haukukoma. Alipata mara tatu katika mwezi wa tano, na mojawapo ilidumu siku nzima.

Ndipo mke mwenyewe akasema, "Sasa niko tayari kwa katheta." Tuliuliza daktari atakayefanya amewafanyia wangapi. Tuliuliza bima italipa nini na sisi tutalipa nini, tukaomba majibu kwa maandishi. Tuliuliza ni nani atakayepigiwa simu usiku mambo yakiharibika. Wifi yake mke, muuguzi mstaafu, alikuja nasi na daftari, kwa sababu wagonjwa na wenzi wao husikia nusu tu ya wanayoambiwa.

Siku yenyewe walimchunguza kwa kifaa kinachopitishwa kooni kuhakikisha hakuna bonge la damu. Kazi ilichukua saa tatu na nusu. Alilala chali saa kadhaa, paja likikandamizwa, na kesho yake alitembea. Fedha ya bati ilitoka karibu yote. Nyumba iliezekwa mwaka uliofuata, kwa awamu.

Wiki ya tano moyo ulivurugika tena. Mke alilia, akidhani yote yamepotea. Daktari alitukumbusha alichotuambia mwanzo, kwamba katika miezi miwili hadi mitatu ya kwanza makovu bado yanakomaa na mvurugiko wa wakati huo si lazima uwe dalili ya kushindwa. Ulitulia. Mwezi wa nane ulirudi kwa saa nne, ukaondoka wenyewe. Tangu hapo ni mwaka mmoja na nusu sasa, haujarudi tena kwa namna tuliyoweza kuijua. Mke yumo tena kwenye sauti ya pili ya kwaya, na Pasaka iliyopita alipanda basi kwenda kwa mama yake.

Lakini bado anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, na ataendelea. Presha na kisukari havikuondolewa na katheta, na hatari ya kiharusi hupimwa kwa hivyo, si kwa jinsi moyo unavyojisikia. Amepunguza uzito, presha inafuatiliwa, na chumvi mezani imepungua kwa wote, kwani mambo hayo pia husaidia moyo usivurugike tena.

Neno kwa akina mama vijana

Hadithi yetu ni ya moyo ambao milango yake ni mizima. Katika nchi zetu wapo mabinti na akina mama vijana wengi ambao mvurugiko huu huwajia kwa njia nyingine. Mtoto huumwa koo, haponyeshwi vema, akapata homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo, na miaka baadaye mlango ulioziba huutanua moyo mpaka ukapoteza mwendo. Kwao tiba huanza na mlango wenyewe, kwa kuupanua kwa puto kupitia mshipa, au kwa upasuaji. Na kwao warfarini bado ndiyo dawa ya kwanza. Mwaka 2022 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani.

Aidha, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Mama anayeitumia na anayetaka kuzaa amwone daktari kabla ya kushika mimba. Na akijikuta mjamzito asiiache kimya kimya wala asiendelee kimya kimya. Aende hospitali mara moja, ili ashauriwe dawa iliyo salama kwa wote wawili.

Zamani wagonjwa wetu wenye matatizo ya umeme wa moyo walipelekwa India au mbali zaidi. Katika miaka ya karibuni tiba ya katheta imeanza kutolewa karibu na nyumbani, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya safari, uliza kwanza kinachowezekana hapahapa.

Je, kumeza dawa ni kukosa imani?

Hatuwezi kufunga makala hii bila kusema hili. Dada mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na ugonjwa kama huu. Aliombewa, akajisikia vizuri, moyo ukatulia, naye akatupa vidonge vyake kama ushuhuda. Wiki chache baadaye alipatwa na kiharusi. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haushiki kijiko.

Hatumlaumu. Tumekwisha kueleza kwamba ugonjwa huu huweza kwenda na kurudi kimya, na kwamba bonge la damu halipigi hodi. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa na bado akahitaji kinga. Tunakumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12 na kutumia mali yake yote kwa waganga bila nafuu. Bwana alimponya, wala hatusomi kwamba alimkemea kwa kuwa alitafuta tiba. Naye Luka, mwenzi wa Paulo, alikuwa tabibu, na Paulo anamtaja kwa upendo. Mchungaji wetu alituambia, "Ombeni, na mkapime. Muujiza wa kweli hauogopi ECG."

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Kateni sehemu hii mkaiweke kwenye Biblia au kwenye daftari la kliniki:

1. Ni aina gani ya mvurugiko nilio nao, na milango ya moyo wangu ikoje?
2. Hatari yangu ya kiharusi ni ipi, na ninahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda? Ipi, na kwa muda gani?
3. Kuna chanzo kinachotibika, kama tezi la shingo, presha au pombe?
4. Tiba unayonishauri ni ya kurefusha maisha, au ya kunipa nafuu ya maisha?
5. Nisipofanyiwa sasa, nitapoteza nini? Naweza kuanza na dawa?
6. Wangapi kati ya wagonjwa kama mimi hurudiwa, na wangapi hupata madhara?
7. Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na dawa na vipimo vya baadaye?

Na nyumbani, jifunzeni kupima mapigo. Weka vidole viwili kwenye kiwiko cha mkono, chini ya dole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Yakiwa ya haraka sana au hayana mpangilio, nenda ukapimwe ECG. Maumivu ya kifua, kuzimia, mdomo kupinda au mkono kufa ganzi ghafla havingoji asubuhi.

Kwa akina baba mnaosoma gazeti hili baada ya wake zenu, mume ana neno moja. Siku mtakapoketi mbele ya daktari, naye akamuuliza mama swali, nyamazeni mngoje. Jibu mtakalosikia huenda ndilo litakalowaonyesha njia.